Kujaza mafuta ndege ndogo bila kuteseka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye ndege ndogo za pistoni na wanaozihudumia: Cessna 172, 182 na 206, Piper za bawa la chini, na ndege nyepesi za injini ya Rotax. Kama uko kwenye uwanja wa ndege wa Wilson (Nairobi) au Arusha, na boza la mafuta linakuja mpaka ubavuni mwa ndege, ruka maswali ya mwanzo. Walengwa wakuu ni wale wenye pipa la lita 200 nyuma ya kambi na ngazi ya kuazima.

Kumimina mafuta kunachosha hivi kwa nini?

Kwa sababu tangi la Cessna liko ndani ya bawa, juu ya kichwa chako, na mafuta yako chini. Lita 20 za avigasi (petroli ya ndege) zina uzito wa kilo 14 na ushee, bila dumu lenyewe. Kuinua dumu moja si kazi. Kazi ni kulishika juu ya ngazi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika faneli na upepo unakupiga ubavuni. Cessna 172S inabeba lita 212, kwa hiyo ukianzia na tangi tupu unazungumzia safari kumi na zaidi za kupanda na kushuka. Kufikia ya sita mikono inatetemeka, na mafuta yanaanza kwenda kwenye rangi ya bawa badala ya tangini.

Dawa yake ni moja: mafuta yapandishwe na pampu, mtu apande na nozeli tu. Mengi yanayofuata hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kuwasha moto na bila kuingiza maji tangini.

Pampu ya mkono au ya umeme?

Ya mkono ya kuzungusha inayofungwa mdomoni mwa pipa haina cheche, haiishiwi betri, na fundi yeyote anaifungua. Kwa mtu anayejaza mara moja moja, inatosha kabisa. Weka kijana wa kuzungusha chini na wewe ukae juu na nozeli.

Ya umeme ya volti 12 inasukuma lita 50 hivi kwa dakika, kwa hiyo pipa zima linaisha kabla chai haijapoa. Lakini hapa ndipo watu wanapojiponza. Pampu nyingi zinazouzwa madukani kwa bei nafuu ni za dizeli. Mota yake haijazibwa, na cheche zake ndani ya mvuke wa petroli au avigasi zinatosha kuondoka na ndege, pampu na wewe. Soma kibao kilichobandikwa kwenye mota: lazima kiandikwe kwamba inafaa kwa petroli. Kisipoandikwa, hata muuzaji aape vipi, iache.

Umeme uchukue kwenye betri ya gari lililoegeshwa mbali kadiri waya unavyoruhusu. Bana vibano vya betri kabla hujafungua pipa, na uvibandue baada ya kulifunga, maana kibano kinapogusa betri kinaweza kutoa cheche. Bomba nalo liwe la mafuta, lile linalopitisha chaji ya umeme tuli. Bomba la kumwagilia bustani linalainika ndani kwa ndani, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio la injini.

Ngazi ipi?

Ngazi ya miguu minne inayosimama yenyewe, yenye vikanyagio vipana na mpira kwenye miguu. Isiwe ya kuegemeza. Ukiegemeza ngazi kwenye ukingo wa mbele wa bawa, utabonyeza bati ambalo kulinyoosha ni bei mbaya. Urefu wake ukufikishe mahali ambapo kifuniko cha tangi kiko usawa wa kiuno au kifua. Baadhi ya Cessna zina kidato kidogo kwenye mhimili wa bawa na kishikio karibu na kioo. Vinafaa kuchungulia tangi, ila usikae hapo na nozeli kwa robo saa.

Nikiweka pipa juu ya pikapu, mafuta hayatashuka yenyewe?

Kwenye Piper ya bawa la chini, ndiyo, na ni njia nzuri sana. Kwenye Cessna, hapana. Pipa lililosimama kwenye pikapu bado liko chini ya kifuniko cha tangi, na mafuta hayapandi mlima. Wapo wanaojenga kichanja cha vyuma chenye pipa juu kama tangi la maji la nyumbani. Kinafanya kazi pale ndege inapolala siku zote, mradi kiwe kimekaguliwa na kiko mbali na mahali bawa linapogeukia.

Waya wa ethi ni lazima kweli? Nimeona watu wanajaza bila waya.

Ni lazima. Mafuta yanapopita kwa kasi kwenye bomba na chujio huzalisha umeme tuli, na ndege iliyotoka kuruka kwenye hewa kavu ya vumbi inaweza kuwa na chaji yake tayari. Waya unasawazisha pipa, pampu na ndege ili cheche isiruke kati yao pale nozeli inapokaribia mdomo wa tangi, ambako mvuke ndiko uliko.

Utaratibu: unganisha pipa na ardhi, kisha pipa na ndege, halafu ndipo ufungue kifuniko. Banio la ndege liume chuma kisicho na rangi, kama pete ya kufungia ndege. Ukilibana juu ya rangi, umefunga mapambo. Kabla mafuta hayajaanza kutoka, gusisha nozeli kwenye mdomo wa tangi na uiache imegusa mpaka mwisho. Ukimaliza, funga kifuniko kwanza, waya utoke mwisho. Ndege za mwili wa faiba zina sehemu maalumu ya kubana. Iko kwenye kitabu cha ndege.

Mengine unayajua: swichi kuu imezimwa, abiria wako nje, simu iko mfukoni, kizimamoto kiko karibu na mtu na si ndani ya stoo iliyofungwa. Viwanja vya porini vina jambo moja zaidi, nalo ni watazamaji. Watoto na waendesha bodaboda watakuja, na mmoja atakuwa na sigara. Mpe mtu kazi ya kuwazuia kabla pampu haijawashwa.

Pipa limekaa miezi. Naweza kuliamini?

Hili linahitaji nafasi, kwa sababu maji yakiingia tangini yanaweza kuzima injini muda mfupi baada ya kuruka, na maji hupenda mapipa.

Anza na lilivyowekwa. Pipa likisimama wima nje, mvua inakaa juu ya kifuniko. Mchana pipa linapata joto, usiku linapoa na kuvuta hewa ndani, na maji yaliyoketi juu ya uzi wa kifuniko yanavutwa pamoja nayo. Kwa hiyo mapipa hulazwa ubavu, vifuniko viwili vikiwa kwenye usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mafuta ya ndani yavifunike na kuviweka vimebana. Hulazwa juu ya mbao, si juu ya udongo, na kivulini.

Kisha soma maandishi: aina ya mafuta, tarehe, namba ya mkupuo (batch). Lakiri ikiwa imevunjwa na hakuna anayejua nani aliivunja, pipa hilo ni la kuoshea vipuri.

Siku ya kujaza, lisimamishe mapema na uliinamishe kidogo kwa kuweka jiwe au kipande cha ubao chini ya upande mmoja. Maji na uchafu vitakimbilia upande ulioshuka. Mrija wa pampu uingie upande ulioinuka, na ncha yake iwe sentimita tano au zaidi juu ya sakafu ya pipa. Avigasi ipe saa moja itulie. Jet A-1, yaani mafuta ya jeti, ni nzito na inaachia maji polepole, ipe saa tatu au zaidi. Mafuta yanayobaki chini usiyahurumie. Lita chache za mwisho ndizo zenye kutu, maji na mchanga, na ndizo ambazo mtu mbahili huinamisha pipa kuzifuata.

Lita ya kwanza kutoka kwenye pampu iende kwenye chupa safi ya kioo. Izungushe na uitazame dhidi ya kitu cheupe. Avigasi ya 100LL, ile iliyozoeleka, ni ya buluu na inang'aa. Ukiona tone linalotembea peke yake chini ya chupa, hayo ni maji. Ukiona chupa nzima haina rangi, usifurahie usafi wake. Huenda ni Jet A-1, au ni maji matupu. Wapo waliotazama chupa iliyojaa maji peke yake na kusema mafuta ni safi, kwa kuwa hakukuwa na mstari wa kuyatenganisha.

Faneli yenye chujio inatosha, au nahitaji ile ngozi laini?

Ngozi halisi iliyoloweshwa kwanza na mafuta hupitisha avigasi na kuzuia maji. Ikishalowa maji, inaacha maji yapite, na ikizeeka inamwaga nyuzi. Faneli za kisasa zenye wavu uliopakwa Teflon, kama Mr. Funnel, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na zinaonyesha maji yakibaki kwenye kikombe chake. Kwa pampu, funga chujio linalozuia maji kati ya pampu na bomba. Lakini kichujio chochote hakifuti kazi ya kupima chini ya tangi kabla ya kuruka. Cessna 172S ina sehemu 13 za kutolea sampuli: tano chini ya kila bawa na tatu chini ya mwili wa ndege. Zote, baada ya kila kujaza, na baada ya kuacha mafuta yatulie. Ndiyo, ni nyingi. Piga magoti.

Jet A-1 iko kila mahali na avigasi haipatikani. Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Ni ya uhai. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa. Injini ya pistoni ya avigasi itawaka kwa yale mafuta mazuri yaliyobaki kwenye mabomba, itakupeleka mpaka kwenye njia ya kurukia, pengine itakuinua, kisha itaanza kugonga na kufa. Rubani maarufu wa maonyesho Bob Hoover yalimkuta huko California: Shrike Commander yake ya injini mbili za pistoni ilijazwa mafuta ya jeti, na injini zote zikaisha nguvu mara baada ya kuruka. Alifanikiwa kuishusha kwenye korongo na wote waliokuwemo wakapona. Kutokana na ajali hiyo nozeli pana ya mafuta ya jeti imepewa jina lake: mdomo wake bapa hauingii kwenye tundu jembamba la tangi la avigasi.

Kinga hiyo haipo ukijaza kwa pipa na faneli. Hapo kinga ni macho, pua na karatasi. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: avigasi inapotea, Jet A-1 inaacha doa la mafuta. Lebo za avigasi ni nyekundu, za Jet ni nyeusi. Na usimwambie mtu wa boza "jaza tu" ukaenda kunywa chai. Simama pale, taja aina, angalia lebo ya boza na risiti.

Kwa hiyo nitumie petroli ya kituo cha magari?

Inategemea ndege, karatasi zake na kituo.

Kwa Rotax 912, petroli ya magari ndiyo mafuta yake ya kawaida: ile ya nguvu farasi 80 inataka oktani 90, na toleo lenye nguvu zaidi, ULS, linataka 95. Avigasi inaruhusiwa, ila madini ya risasi (lead) yaliyomo yanachafua, na oili inabidi ibadilishwe mapema.

Kwa Cessna za zamani za kabureta kuna vibali vya nyongeza vya kutumia petroli ya magari. Chama cha wapenda ndege cha EAA cha Marekani kilipata cha kwanza mwaka 1982 kwa Cessna 150, na baadaye vikaja kwa 172 nyingi za zamani. Kibali kinafuata aina kamili ya fremu na injini, hivyo usidhani kinachofunika 172 ya kabureta kinafunika 172S ya injekta. Na mamlaka ya nchi yako ya usafiri wa anga lazima ikitambue. Bila karatasi hiyo, ndege yako haina uhalali wa kuruka na bima inaweza kukukana.

Karatasi zikikamilika, bado kuna mambo mawili. La kwanza ni ethanoli, ambayo vibali hivyo vinaikataza kwa sababu inaharibu mipira na kuvuta maji. Pima hivi: tia maji kidogo kwenye chupa nyembamba, chora mstari yalipoishia, jaza petroli, tikisa, acha itulie. Mstari wa maji ukiwa umepanda, ethanoli imo.

La pili ni kuchakachua. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu watu walikuwa wakichanganya petroli na mafuta ya taa. Gari lililouziwa mchanganyiko huo litakohoa na kusimama kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara. Nunua kituo chenye mauzo mengi, usinunue mafuta ya chupa za kando ya njia, na usinunue wakati lori linashusha, kwa kuwa uchafu wa tangi la chini umetibuliwa. Tena petroli hugeuka mvuke kirahisi kuliko avigasi. Wilson ni takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyosimama juani hapo inaweza kupata mvuke kwenye mabomba na injini ikakosa mafuta wakati wa kupanda.

Nibebe mafuta kwenye madumu ya plastiki?

Ya mafuta ya kula, hapana. Yaliyotengenezwa kwa petroli, sawa, ila yajazwe yakiwa chini ardhini. Usiyajaze yakiwa nyuma ya pikapu yenye zulia la plastiki: dumu haliko kwenye ardhi na chaji haina pa kwenda. Dumu la chuma ni bora. Ndani ya ndege, usibebe bila idhini ya mamlaka.

Nijaze mpaka pomoni kila mara ili nisirudie kazi?

Tangi lililojaa halipati unyevu wa usiku, na hiyo ni hoja ya kweli. Lakini lita 201 zinazotumika za 172S ni kilo 145 hivi. Ongeza watu wazima wanne na mabegi, umepita uzito unaoruhusiwa, na kwenye kiwanja cha juu chenye joto la saa nane mchana miti ya mbele haitakusubiri. Ndani ya mdomo wa tangi la 172S kuna ulimi mdogo wa chuma. Mafuta yakifika chini yake, upande huo una lita 66 hivi. Ni alama nzuri ya kuzoea. Kwa ndege nyingine, kijiti cha kupimia kilichotengenezwa kwa ndege hiyohiyo ni rafiki kuliko geji za ndani.

Nimejaza kushoto, nikahamia kulia, nikirudi kushoto pamepungua. Kuna wizi?

Hapana. Ndege iko kwenye mteremko na mafuta yanahamia tangi la chini kupitia bomba linalounganisha matangi. Weka swichi ya kuchagua tangi kwenye LEFT (kushoto) au RIGHT (kulia), si BOTH (yote mawili), na uisogeze ndege mahali tambarare. Kabla ya kuwasha, irudishe BOTH.

Boza linahesabu lita, kitabu kinasema galoni. Nigawe kwa ngapi?

Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Ile ya Uingereza ni 4.546, na vitabu vya Cessna vinatumia ya Marekani. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ya kuchanganya paundi na kilo, ikateleza bila injini mpaka Gimli, huko Kanada. Hao walikuwa wataalamu wawili ndani ya chumba cha marubani. Bandika jedwali dogo kwenye ubao wa vipimo.

Niko Marekani, na viwanja vingi vina pampu ya kujihudumia kwa kadi. Kuna la kujua?

Ni njia rahisi kuliko zote hizi na mara nyingi bei ni ndogo kuliko ya kuletewa na boza. Vuta waya wa ethi kabla ya kutelezesha kadi. Weka kiasi cha juu unachotaka kabla ya kuanza, na usiache bomba refu likaburuze juu ya bawa, weka taulo.

Nibadilishe ndege nipate inayotumia Jet A-1?

Kama unaruka sana mbali na miji, fikiria kwa makini. Diamond DA40 za injini ya dizeli na DA42 zinakunywa Jet A-1 na zinatumia kidogo. Kwa mizigo, Caravan na Kodiak ni za injini ya tabini (turbine). Kodiak ilibuniwa ikifikiria huduma za kimisheni za maeneo ambako avigasi imekuwa adimu. Bei ya kununua ndiyo inayorudisha wengi kwenye Cessna yao na pampu ya mkono.

Avigasi isiyo na risasi itafika lini, na naweza kuichanganya?

FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliidhinisha avigasi isiyo na risasi iitwayo G100UL mwaka 2022 kwa ndege za pistoni, na Marekani inalenga kuachana na yenye risasi ifikapo mwisho wa 2030. Ulaya aina nyingine isiyo na risasi, UL91, inauzwa viwanja vingi, lakini haifai kwa injini zote. Kuchanganya kunategemea aina na kibali cha ndege yako, si maneno ya jirani wa hanga.

Sampuli nilizotoa nizimwage chini?

Usimwage. 100LL ina risasi, na udongo wa kiwanja unaishia kwenye kisima cha mtu. Weka dumu la chuma lenye mfuniko lililoandikwa "mafuta machafu" na umpe anayekusanya oili chakavu. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujala, na nguo iliyolowa ianikwe nje, mbali na jiko.